Lori limebeba nini? Karatasi za mzigo hatari katika barabara za Malaba na Busia

Kila siku malori hupanga foleni kwenye barabara ya kuingia Malaba, na mengine mjini Busia, yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Baadhi yataendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Congo. Kandokando ya foleni hiyo kuna kina mama wanaouza chai na chapati kwa jiko la makaa, vijana wa boda boda na watoto wanaotoka shuleni. Lori la mafuta lililopakia Eldoret au Kisumu kila mtu hulitambua kwa umbo la tangi lake. Kontena lililofungwa ni jambo jingine. Ndani yake huenda mna viatu, na huenda mna mapipa ya asidi, na kwa nje yote mawili hufanana.

Karatasi ya mzigo hatari ipo kwa ajili hiyo. Wengi huichanganya na hati za forodha, lakini kazi zake ni tofauti. Ankara, orodha ya upakiaji na fomu za forodha hueleza mali ni ya nani, ina uzito gani na thamani gani. Karatasi ya mzigo hatari hujibu swali moja: kitu hiki kikimwagika au kikishika moto, kitafanya nini?

Kanuni za kielelezo za Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari hutaka mambo manne yaandikwe kwa mpangilio uleule kila mahali: nambari ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne, jina rasmi la bidhaa, daraja lake la hatari na kundi lake la ufungaji. Kwa petroli, mstari huo husomeka hivi: UN 1203, PETROLI, 3, II. Tatu ni daraja la vimiminika vinavyoshika moto, miongoni mwa madaraja tisa yaliyopo. Namba ya Kirumi huonyesha ukali: I ni hatari kubwa zaidi, III ni ndogo. Dizeli ni UN 1202, mafuta ya taa ni UN 1223. Kisha huandikwa kiasi, idadi na aina ya vyombo, pamoja na jina na anwani ya anayetuma na anayepokea. Lori lenye tangi la vyumba kadhaa lionyeshe kila bidhaa na kiasi chake.

Faida ya nambari ni kwamba haihitaji mkalimani. Dereva anayezungumza Kifaransa pekee na mzima moto wa Busia huenda wasielewane hata salamu, lakini 1203 ni petroli kwa wote wawili.

Pamoja na karatasi hiyo, mzigo wa kemikali huambatana na taarifa za usalama za kemikali husika, zile ambazo maajenti wengi huziita MSDS. Zina sehemu 16. Sehemu ya nne ni huduma ya kwanza, ya tano ni kuzima moto, ya sita ni kukabiliana na umwagikaji. Dereva asiye na muda wa kusoma zote asome angalau hizo tatu kabla ya kuwasha injini.

Kuandika “kemikali” au “bidhaa mchanganyiko” hakutoshi. Chukua mfano wa kabaidi, ile inayotumiwa na wachomeleaji vyuma na ambayo wachuuzi wengine huitumia, kinyume cha ushauri wa afya, kuivishia ndizi. Ni UN 1402, daraja 4.3. Ikiguswa na maji hutoa asetilini, gesi inayolipuka. Mzima moto anayefika kwenye lori linalofuka moshi bila kujua hilo atafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, yaani kumwaga maji. Klorini ya kutibu maji, UN 1017, ina hatari yake: gesi yake ni nzito kuliko hewa na hutambaa bondeni, kwa hivyo mtu akimbilie sehemu iliyoinuka, upande unakotoka upepo. Sodiamu sianidi, UN 1689, inayotumika kutenganisha dhahabu na mawe, ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua, na ikiingia mtoni huua samaki. Mvua zetu zikinyesha, kilichomwagika barabarani huelekea mto Malaba au mto Sio, na mto Sio humwaga maji yake Ziwa Victoria.

Ukweli wa karatasi una uzito zaidi hapa mpakani kwa sababu ya jinsi forodha inavyofanya kazi siku hizi. Tangu mfumo wa eneo moja la forodha uanze mwaka 2014, mizigo mingi ya Uganda hukamilishiwa taratibu zake Mombasa. Lori hufungwa lakiri ya kielektroniki na kufuatiliwa njia nzima, na katika vituo vya pamoja vya mpakani linaloondoka Kenya hushughulikiwa upande wa Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa mahali pamoja. Hatua hiyo imepunguza muda wa kusubiri, jambo ambalo wafanyabiashara walilililia kwa miaka mingi. Lakini ina maana pia kwamba mara nyingi hakuna anayefungua kontena Malaba. Aliyejaza karatasi bandarini ndiye jicho letu la pekee.

Vibali hutegemea mzigo. Magari na madereva wa bidhaa za petroli hupewa leseni na mamlaka ya EPRA. Dawa za kuulia wadudu ziko chini ya bodi ya PCPB, vifaa vya mionzi chini ya mamlaka ya KNRA, na vilipuzi huhitaji kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi. Taka hatari, kama betri kuukuu za magari, huhitaji leseni ya NEMA na hati ya kufuatilia taka hiyo hadi inakopokelewa.

Karatasi zikae ndani ya kibanda cha dereva, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzifikia dereva akiwa ameumia. Zikifungiwa ndani ya kontena hazina maana. Dereva akienda kula au kulala, amweleze taniboi zilipo.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga, kwa hivyo lori likianguka Amagoro, wanaotarajiwa kufika ni wazima moto wa kaunti. Mara nyingi, hata hivyo, wanaotangulia ni majirani, wakiwa na mitungi. Sachang'wan, karibu na Molo, zaidi ya watu 100 walifariki Januari 2009 baada ya lori la mafuta kuanguka na watu kukimbilia kuchota. Julai 2021 ilikuwa Malanga, Siaya, kwenye barabara hiihii ya Kisumu kuja Busia: watu wasiopungua 13.

Mkazi akiona ajali asikaribie. Asome kutoka mbali nambari ya tarakimu nne iliyo kwenye bango la lori, apige 999 au 112, ataje mahali na nambari hiyo. Wauza chai wazime majiko na wasogee upande unakotoka upepo.

Yapo pia malori yanayorudi kutoka Kampala yakiwa matupu na kuegeshwa Malaba usiku kucha. Kikanuni, tangi ambalo halijasafishwa bado ni mzigo hatari, na karatasi yake hutakiwa kutaja bidhaa ya mwisho iliyobebwa. Mvuke wa petroli unaobaki ndani, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja, wakati tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya mvuke huo. Fundi wa jua kali akiletewa tangi kuchomelea ufa, aombe kwanza karatasi hiyo, kisha uthibitisho kwamba tangi limeoshwa na mvuke kutolewa. Bila vyote viwili, asiwashe mtambo.