Dawa inayozima kiwanda ili mzee atembee



Ukifuatana na wahudumu wa Ekaristi katika jumuiya ndogo ndogo za Mwembesongo, au ukipanda kwenye vigango vya milima ya Uluguru, huenda siku moja ukamkuta mzee ambaye mkono wake hutetemeka ukiwa umetulia juu ya paja. Hutembea kwa hatua fupi, sauti yake imefifia, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Mara nyingi majirani huwa na maelezo tayari: uzee, pombe za ujana, au mkono wa mtu.

Dalili hizo zikikaa pamoja, huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817. Hapa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye eneo lenye wakazi 161,071. Matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Hawakuwa wamelogwa. Walikuwa na ugonjwa unaojulikana, wenye dawa inayojulikana. Dawa hiyo haiponyi, lakini inaweza kumrudishia mtu uwezo wa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Tuone inavyofanya kazi.

Seli za ubongo huongea kwa kemikali. Moja ya kemikali hizo ni dopamini, ambayo huwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha vizuri. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Mtu angesema, basi mgonjwa apewe dopamini. Haiwezekani, kwa sababu ubongo umezungukwa na ukuta wa mishipa midogo ya damu unaochagua kinachoingia, na dopamini hairuhusiwi kupita. Kinachoruhusiwa ni malighafi yake, iitwayo levodopa. Ikishaingia ndani, kimeng'enya kimoja huigeuza kuwa dopamini.

Shida ni kwamba kimeng'enya hicho hicho kipo pia kwenye utumbo, ini na figo. Mgonjwa akimeza levodopa peke yake, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini kabla ya kufika kichwani. Ubongo hupata kidogo sana, na dopamini iliyotengenezwa nje humletea kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu anaposimama.

Kimeng'enya hiki tukifananishe na cherehani. Sindano yake ni vitamini B6 iliyoandaliwa na mwili: ndiyo inayoishika levodopa, kuibadilisha na kuiachia, kisha kuishika nyingine. Zipo dawa zinazozuia kimeng'enya kwa muda, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha fundi. Akiondoka, kazi huendelea. Kuna nyingine zinazozuia moja kwa moja: hizo ni kama kuvunja sindano ikiwa ndani ya mashine.

Kabidopa ni ya aina hii ya pili. Kwa umbo inafanana na levodopa, kwa hiyo kimeng'enya huipokea kama malighafi ya kawaida. Lakini ina mkia wa atomi mbili za nitrojeni zilizoungana, na mkia huo hujifunga kwenye vitamini B6 bila kuachia. Cherehani hiyo imekwisha kazi, na mwili hauna budi kutengeneza nyingine.

Je, si hatari kuzima kiwanda cha dopamini kwa mtu aliyepungukiwa na dopamini? Jibu liko kwenye ule ukuta. Kabidopa haiwezi kuupita. Huzima viwanda vya tumboni na mwilini tu, na kuviacha vya ubongoni vikifanya kazi. Levodopa hupata njia. Ndiyo maana dawa hizi mbili huwekwa kwenye kidonge kimoja, na kiasi cha levodopa kinachohitajika hupungua kwa karibu robo tatu.

Wengi wetu tumeishi na jirani wa kabidopa bila kujua. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo ina nitrojeni mbili zilizoungana na hukamata vitamini B6. Ndiyo sababu anayeitumia hupewa pia vidonge vya B6, asipate ganzi na kuwaka moto miguuni. Akiimeza kupita kiasi anaweza kupata degedege kali, kwa kuwa ubongo hushindwa kutengeneza GABA, kemikali inayoutuliza.

Watu huuliza kuhusu upupu. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa. Lakini hazina kabidopa, na hakuna anayejua mbegu moja ina kiasi gani. Asiyemwambia daktari kwamba anazitumia anaweza kuzidisha dozi bila kujua.

Kwa anayemhudumia mgonjwa, mambo haya yanafaa kukumbukwa. Mgonjwa asiache dawa ghafla, hata kama zimekaribia kuisha: anaweza kukakamaa, kupata homa kali na kuchanganyikiwa. Nyama na maharage hushindana na levodopa mlangoni, hivyo wengi hushauriwa kumeza kidonge kama nusu saa kabla ya kula. Akiwa anatapika, mhudumu wa afya aambiwe kuwa ni mgonjwa wa Parkinson, kwani metoklopramidi, dawa ya kutapika inayotumika sana, huzuia dopamini na kumzidishia ugonjwa.

Nasi mafrateri tuulize familia ni saa ngapi dawa humkolea, twende saa hiyo. Tumpe kipande kidogo cha Hostia na maji, maana kumeza humpa shida. Katika sala tusimharakishe. Uso usiotabasamu si dalili kwamba hasikii au hajali.

Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetutembelea Tanzania mwezi Septemba 1990, aliishi na ugonjwa huu mbele ya macho ya ulimwengu mzima hadi alipofariki mwaka 2005. Tulimwona akitetemeka, na tulimwombea. Mzee wa jumuiya yetu anastahili sala hiyo hiyo, na mtu wa kumsindikiza hospitalini.