Wazazi, Mwulizeni Kijana: Injini Mnainulia Nini?

Vijana wetu wengine hapa Mbuya wanajifunza umakanika. Gereji isipokuwa na winchi, injini inafungwa kamba kwenye tawi la mti. Tawi likikatika, mguu umekwenda! Injini ya gari dogo inaweza kupita kilo 100.

Njia ya bei nafuu ipo. Mafundi wachange pesa, wanunue cheni bloku ya tani 1, hata iliyotumika, ila wakague ndoano na mnyororo. Waunge mabomba 3 manene ya chuma kwa bolti juu. Chini miguu ifungwe mnyororo isitanuke. Inueni kidogo, ngojeni, tazameni. Injini ikishapanda, sukumeni gari litoke, ndipo muishushe. Mtu asipite chini yake.

Mwulize mwanao leo jioni.