Usiku wa Riva: Filamu za Starehe na Ulevi Mbele ya Watazamaji wa Uvira

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya sinema, kwa fedha za kuungaunga na kwa uamuzi wa mtunzi mwenyewe. Kwa kuwa haina tajiri wa kumwogopa, mara nyingi ndiyo inayothubutu kuonyesha maisha ya usiku jinsi yalivyo: disko, pombe, bangi, unga, na vijana wanaokesha wakiitafuta raha. Kwa Kongo mfano ulio wazi ni Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, mzaliwa wa Kinshasa aliyesomea sinema Ubelgiji. Ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2010. Mwaka uliofuata ilinyakua tuzo 6 za Africa Movie Academy, ikiwamo ya filamu bora, kisha ikapewa tuzo ya MTV ya filamu bora ya Afrika. Majaji waliipenda. Watazamaji wa kawaida, hasa Waafrika wenyewe, waligawanyika, na mgawanyiko huo unafundisha mengi kuliko orodha ya tuzo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Kinshasa imekaukiwa petroli. Riva, kijana aliyekaa Angola miaka kumi, anarudi nyumbani na shehena ya petroli aliyoiiba kwa bosi wake. Angeweza kuiuza kimyakimya akanunua nyumba. Badala yake anamfuata J.M., rafiki yake wa zamani mwenye mke na watoto, anamtia fedha mkononi, na wawili hao wanaingia mjini. Kuanzia hapo ni chupa juu ya chupa, muziki, jasho, noti zinazorushwa hewani. Kwenye dansi Riva anamwona Nora, mwanamke wa jambazi mmoja tajiri, na hataki tena kusikia la mtu. Wakati huo Cesar, bosi kutoka Angola, ameshavuka mpaka akiwa amevaa suti safi, anaulizia habari zake na kuua njiani. Mwishoni karibu kila aliyeigusa petroli ile amekufa.

Mtazamaji wa Uvira hahitaji kufafanuliwa jambo hilo la petroli. Mji huu wa mashariki ya Kongo umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika, na Bujumbura ya Burundi inaonekana ng'ambo ya maji. Mpaka wa Kavimvira na Gatumba ndio uzi wa maisha ya wengi. Wauza mafuta wa barabarani, wale ambao Wakongomani huwaita Kadhafi, wanajulikana kwa madumu na faneli zao. Na tangu Burundi iingie katika uhaba mkubwa wa mafuta miaka hii ya karibuni, madereva wa Bujumbura wamekuwa wakivuka kuja kuyatafuta upande wa Kongo. Dumu linaloleta utajiri wa siku tatu na kaburi la siku ya nne ni habari inayoeleweka hapa bila mkalimani.

Hata ulevi wenyewe si mgeni. Bangi inalimwa na kuvutwa Kivu tangu zamani, na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, inapatikana hata pasipo na duka. Ng'ambo, Bujumbura, heroini ya bei ndogo imewaharibu vijana wengi kwa jina la boost. Kinshasa mwaka 2021 ilizuka bombé, unga uliochanganywa na vidonge na vumbi linalopatikana kwa kusaga kichujio cha moshi cha gari. Aliyeutumia alisimama barabarani saa nzima, kichwa kimeinama, asijue nani anapita, na wenye magari wakaamka asubuhi kukuta mabomba ya moshi yameng'olewa. Filamu inayozungumzia starehe ya kupindukia inafika, basi, kwa watu ambao wana jirani, binamu au mtoto aliyekwisha kuguswa.

Jinsi filamu inavyofika nayo inaathiri maoni. Viva Riva! iko katika Lingala na Kifaransa, na mwambao wa ziwa ni nchi ya Kiswahili. Sehemu nyingi za Kongo ya mashariki filamu hutazamwa kwenye vibanda vya video: kuta za mbao au maturubai, mabenchi, televisheni moja na spika kubwa, jenereta nyuma kwa ajili ya saa ambazo umeme wa shirika la SNEL umekatika, na ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya filamu na mechi za jioni. Wengine hutazama kwenye simu, filamu ikihama kutoka kadi hadi kadi. Kwa filamu za lugha ngeni kuna utamaduni mkubwa wa wasimuliaji. Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye alizitia sauti ya Kiswahili filamu za nje. Rwanda na Burundi wana agasobanuye, na Uganda ina ma-VJ wake.

Msimuliaji hatafsiri maneno tu. Mhusika anapowasha bangi, anaweza kumcheka, kumwonya, kumpa jina la mlevi anayejulikana mtaani, au kumsifu kwa ujasiri. Sekunde zile za moshi ambazo mtunzi aliziacha kimya, bila hukumu, zinapata hukumu ya papo hapo. Ndiyo sababu watu wawili walioitazama filamu moja, mmoja kwa sauti yake ya asili na mwenzake kupitia msimuliaji, wanaweza kutoka na maoni yanayopingana na wote wakawa wakweli.

Malalamiko juu ya Viva Riva! yanazunguka mambo machache. La kwanza ni aibu. Filamu ina uchi na tendo la ndoa kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukaa nacho sebuleni pamoja na mkwe wake au watoto wake, na kwa familia nyingi za ziwani, za Kikristo na za Kiislamu, hilo peke yake linamaliza mjadala. La pili ni heshima ya nchi. Cesar anawatukana Wakongomani waziwazi, askari na viongozi katika filamu wananunulika, na hata kanisa halikuachwa. Anayekerwa huuliza kwa nini kila Kongo inapopelekwa mbele ya dunia iende na uchafu wake. Swali hilo lina haki yake, hasa kwa watu ambao habari zao hutangazwa ulimwenguni siku za vita na mafuriko tu. Wanaomtetea Munga hujibu kwamba hatimaye Mkongomani ameshika kamera mwenyewe na kuusema mji wake kwa ukali wa mtu anayeupenda. Wazee wenye kumbukumbu huilinganisha na La Vie est belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze na Benoît Lamy, ambamo Papa Wemba alicheza kijana maskini anayetafuta njia ya kuwa mwanamuziki. Baa na muziki vimo katika filamu zote mbili. Katika ile ya kwanza usiku unampa maskini nafasi, katika ya pili unamla.

Lalamiko la tatu ndilo zito: kwamba filamu za namna hii zinawafundisha vijana ulevi. Ni hoja ya zamani nchini Kongo. Wabelgiji walipotawala waliweka kanuni za kuwazuia Wakongomani kutazama filamu ambazo hazikuidhinishwa kwa ajili yao, kwa imani kwamba Mwafrika ataiga chochote atakachokiona. Katika miaka ya 1950 walidhani wamepata ushahidi. Vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizivamia filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, yaani cowboy. Wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, wakafunga vitambaa shingoni, wakaiita mitaa yao majina kama Texas, wakavuta bangi na kupigana kwa magenge, wakabuni hata lugha yao, Hindubill. Ukitazama haraka utasema sinema iliwaharibu. Mwanahistoria Didier Gondola, katika kitabu chake Tropical Cowboys cha mwaka 2016, anaonyesha picha pana zaidi: vijana waliofungiwa milango na ukoloni, wasio na kazi wala sauti mjini, walichukua kwenye filamu vazi la uanaume waliokuwa wakiutafuta tayari. Bangi ilikuwepo kabla ya Buffalo Bill. Njaa ya kuwa mtu mbele za watu ilikuwepo pia.

Ulaya na Marekani hawakutofautiana sana na hapo. Trainspotting ya mwaka 1996, juu ya watumiaji wa heroini wa Edinburgh, ilishutumiwa na Bob Dole, mgombea urais wa Marekani, ambaye hakuwa ameitazama. Mwaka 1999 Justin Kerrigan alitoa Human Traffic, filamu huru ya Wales juu ya marafiki watano wanaosubiri Ijumaa ili wacheze muziki wa mashine usiku kucha na kumeza vidonge vya ekstasi. Kilichowaudhi wengi ni kwamba hakuna anayekufa. Wikiendi inaisha, marafiki wamechoka, wana wasiwasi na wivu, wanarudi kazini. Vijana wa Uingereza waliipenda kwa sababu hiyohiyo, wakisema kwa mara ya kwanza wamejiona. Afrika Mashariki imekuwa na mzozo wa aina hiyo nje ya sinema: Nyege Nyege, tamasha la muziki wa kukesha huko Jinja, Uganda, lilipigwa marufuku na waziri Simon Lokodo mwaka 2018 kwa madai ya ufuska, kisha likaruhusiwa siku chache baadaye.

Katika mabishano haya yote kuna jambo ambalo wakosoaji wa Viva Riva! hulipita haraka mno, nalo ni J.M. Riva ni ndoto, mtu asiye na mke, nyumba wala kesho. J.M. ni jirani. Anaondoka nyumbani jioni moja kwa ajili ya rafiki, na raha anayoipata ni raha kweli. Kamera haifichi kwamba muziki ni mtamu na bia ni baridi. Kisha tunamwona mkewe. Uzito wa filamu uko katika hatua hizo mbili, na ya pili haina nguvu bila ya kwanza. Filamu ya mafunzo inayoanza na mlevi akitapika na kuishia na mhubiri haimshawishi kijana wa Mulongwe au Kalundu, mitaa ya Uvira, maana yeye ameshaonja au amemwona mwenzake akifurahi, na anajua kwamba ameambiwa nusu. Kwa kipimo hicho filamu ya Munga inaonya vizuri kuliko mahubiri mengi.

Upungufu wake uko kwingine: wanawake wanatazamwa zaidi kuliko wanavyotazama. Pengo hilo lilizibwa na Machérie Ekwa Bahango, mtunzi kijana wa Kinshasa, katika Maki'la, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018. Humo ulevi wa wanaume wa mitaani unaonekana kwa macho ya msichana Maki, anayeishi barabarani na mume mkuu wa genge asiyemtunza. Mtazamaji wa kike wa Uvira, anayejua nani hubaki na sufuria tupu mume akiwa kilabuni, atajiona huko kuliko kwa Nora.

Serikali ina tume yake ya udhibiti wa nyimbo na maonyesho, yenye makao Kinshasa, lakini imejulikana zaidi kwa kuwabana wanamuziki, kama ilivyofungia nyimbo za kundi la MPR mwezi Novemba 2021 kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Haiwezi kuifikia kadi ya simu inayobadilishwa mikono sokoni Uvira. Anayeweza ni mwenye kibanda. Viva Riva! ni filamu ya watu wazima, na hoja ya kuwakinga watoto ni ya haki kuliko malalamiko mengine yote. Kibandani benchi la mbele mara nyingi hukaliwa na watoto wa shule, kwa sababu hakuna anayeuliza umri. Wenye vibanda waandike umri kwenye ubao ule wa chaki, pembeni ya jina la filamu, na wasimuliaji wasikubali kuianza mpaka watoto wametoka. Wakubwa waachwe waitazame, na waibishanie.