Ushindani wa Biashara: Maafisa wa Serikali Hufundishwa Nini?

Mwalimu wa darasa tafadhali aandike ubaoni maneno matatu: ushindani, njama, zabuni. Tutayatumia leo.

Tuanze na ushindani. Wauzaji watatu wana maduka katika mji mmoja, na wote wanauza mabati. Kila mmoja anataka ununue kwake. Basi wa kwanza anapunguza bei, wa pili anakuletea mabati mpaka nyumbani, wa tatu anauza bati nene zaidi. Huo ndio ushindani, na anayefaidi ni wewe mnunuzi.

Sasa wauzaji hao wakutane usiku na kupatana kwamba hapana atakayeuza chini ya bei fulani. Hiyo ni njama. Maduka yatabaki matatu, na vibao vitatu juu ya milango, lakini kwa kweli umebakiwa na muuzaji mmoja tu.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi Agosti 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya zaidi ya shilingi milioni 338. Mamlaka ilisema kwamba kampuni hizo zilipatana juu ya bei za vyuma vya ujenzi. Mtu anayejenga nyumba yake ya vyumba viwili hawezi kugundua jambo kama hilo. Anaona bei imepanda, anasema maisha yamekuwa magumu, analipa.

Kugundua ni kazi ya maafisa wa serikali, na kazi hiyo haiji yenyewe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, na Kenya ikatunga yake mwaka 2010. Lakini sheria haitembei kwa miguu. Lazima awepo mtu aliyefundishwa kuitumia. Ndiyo sababu maafisa hupelekwa kwenye mafunzo. Baadhi ya mafunzo hayo huandaliwa kwa msaada wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo. Kilianzishwa mwaka 1964, na makao yake yako Geneva.

Je, afisa hufundishwa nini hasa? Tuchukue mfano wa zabuni. Zabuni ni hivi: serikali inatangaza kwamba inataka kununua kitu, na wafanyabiashara wanaleta barua zilizofungwa, kila mmoja na bei yake. Tuseme wilaya moja inataka madawati 200 ya shule. Zimekuja barua tatu. Ya kwanza inasema shilingi milioni 20, ya pili milioni 21, ya tatu milioni 22. Afisa asiyefundishwa ataangalia bei tu. Atachukua ile ya milioni 20, na ataamini kwamba ameiokolea serikali fedha.

Afisa aliyefundishwa huzisoma barua zenyewe, neno kwa neno. Anaona kwamba katika barua ya kwanza neno “mbao” limeandikwa “mabo”. Katika ya pili pia ni “mabo”. Katika ya tatu, “mabo” tena! Watu watatu hawakosei neno moja kwa namna moja. Basi huenda mkono ulioandika barua hizo ni mmoja. Anatazama namba za simu, anakuta mbili zinafanana. Anafungua faili la miaka iliyopita: mwaka jana alishinda yule wa pili, na mwaka juzi yule wa tatu. Wanapokezana kama watu wenye zamu ya kuteka maji kisimani. Tena aliyeshinda mwaka jana aliwapa wenzake walioshindwa sehemu ya kazi. Hizo ni dalili nne. Ninyi mnaojifunza kusoma angalieni hapo: mengi yalijulikana kwa kusoma tu.

Lakini dalili si ushahidi kamili. Afisa hufundishwa asiwaite wafanyabiashara hao na kuwauliza, maana akifanya hivyo karatasi zitachomwa moto jioni ile ile. Anyamaze, azihifadhi barua pamoja na bahasha zake, kisha apeleke habari kwa tume inayohusika na ushindani.

Vile vile hufundishwa asimshuku kila mtu. Mama wauza nyanya sokoni wana bei moja, lakini hakuna njama. Kila mmoja anamsikia jirani yake akitaja bei. Na mafuta ya petroli katika Tanzania na Kenya hayawezi kuuzwa zaidi ya bei ya juu inayotangazwa na serikali kila mwezi. Kwa hiyo vituo viwili vikiwa na bei sawa, hilo peke yake si kosa.

Njia moja ya kuvunja njama inanipendeza sana kwa sababu inajua tabia ya wanadamu. Sheria husema: katika wenye njama, atakayekuja kwanza na kueleza yote atasamehewa faini. Hapo kila mmoja anaanza kumwogopa mwenzake. Afrika Kusini, mwishoni mwa mwaka 2006, wachuuzi wa mkate katika jimbo la Western Cape walilalamika kwamba viwanda vikubwa vimepandisha bei kwa wakati mmoja. Tume ya Ushindani ikaanza kuchunguza. Kampuni moja ikakiri na kupewa msamaha. Nyingine ikakubali kulipa randi milioni 98.8 mwaka 2007. Ya tatu ikabisha mpaka mwisho, na mwaka 2010 ikatozwa randi milioni 195.7. Huo ni mkate, chakula cha kila siku cha maskini. Na aliyeanza kusema ni mchuuzi.

Sasa twende ng’ambo. Wengine watauliza: wauzaji wa hapa wakifanya njama, si tulete bidhaa za nje? Ni kweli, mara nyingi hiyo ni dawa. Lakini kuna magonjwa mawili ambayo dawa hiyo haiyaponyi.

La kwanza ni njama ya ng’ambo yenyewe. Katika miaka ya 1990, kampuni kubwa za Ulaya na Japani zilipatana bei za vitamini kwa dunia nzima. Vitamini hizo huwekwa katika unga na katika chakula cha kuku. Mwaka 1999 kampuni moja ya Uswisi ilikubali kulipa faini ya dola milioni 500 katika Marekani. Mwaka 2001 Ulaya ilizitoza kampuni nane yuro milioni 855. Fedha hizo ziliingia katika hazina za huko. Nchi zisizokuwa na sheria ya ushindani, wala maafisa wa kuitumia, hazikuwa na njia ya kudai. Tena Marekani ina sheria ya mwaka 1918 inayowaruhusu wauzaji wake kuungana wanapouza nje, mradi wasiharibu ushindani nyumbani kwao. Kila nchi hulinda wateja wake kwanza.

La pili liko bandarini kwetu. Serikali inapunguza ushuru wa forodha ili bei ishuke. Lakini kama mwingizaji wa bidhaa hiyo ni mmoja tu, bei inaweza kubaki pale pale, na tofauti ikaingia mfukoni mwake. Afisa wa forodha anajua ushuru, na afisa wa ushindani anajua soko. Wakifundishwa mbalimbali, hakuna atakayeona jambo zima. Kwa hiyo inafaa wafundishwe pamoja. Na haja imezidi, maana biashara chini ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021, na mwezi Februari 2023 wakuu wa nchi walipitisha itifaki ya ushindani kwa ajili ya eneo hilo.

Sasa redio izimwe, na darasa lizungumze. Katika mji wenu, ni bidhaa gani inayouzwa na watu wawili au watatu tu? Bei zao zilipanda lini mara ya mwisho, na je, zilipanda siku moja? Katibu wa darasa aandike majibu.