Mwamuzi Asitangulize Mkono

Miaka ile nilipokuwa refa wa kandanda mtaani kwetu Mombasa, jioni moja nilipuliza firimbi mapema. Mshambuliaji alipigwa ngwala, nami papo hapo nikapuliza faulo. Kumbe kijana hakuanguka. Aliyumba, akajizoazoa, akautia mpira wavuni. Bao likawa si bao. Macho yangu yaliona sawa, lakini nilisema kabla ya wakati.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya besiboli, mchezo wa Wamarekani. Humo, mpigaji akishaupiga mpira hutimua mbio kiasi cha mita 27 kwenda kituo cha kwanza, na walinzi nao huurusha mpira kwa mwenzao aliye pale. Kilichotangulia ni nini, mguu au mpira? Macho hayawezi kutazama pawili, kwa hiyo mwamuzi huyakaza kwenye mguu na kituo, na sikio akalitega kwa kishindo cha mpira katika glavu. Kisha hungoja kidogo, maana mpira waweza kumponyoka aliyeudaka. Ndipo ainuapo mkono. Kungoja huko si kusitasita, wasomaji wangu. Ndiko kuamua kwenyewe.

Maana neno la mwamuzi likishatoka, kulirudisha ni kazi. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 bila hata mmoja kufika kituoni. Akimtoa wa 27, atakuwa ametimiza jambo ambalo katika ligi kuu lilikuwa limetimizwa mara 20 tu. Mpira ulifika kabla ya mguu. Lakini Jim Joyce, mwamuzi mzoefu wa miaka mingi, akanyoosha mikono: mkimbiaji salama! Siku hizo uamuzi kama huo haukuruhusiwa kuangaliwa tena kwa picha. Ruhusa ilikuja mwaka 2014. Neno likabaki palepale. Ikiwa mzoefu kama yule aweza kukosea, itakuwaje kwa mwenye pupa?

Baada ya mchezo Joyce aliitazama picha, akakiri kosa, akamwomba Galarraga radhi, naye akamsamehe. Kesho yake walipokutana uwanjani, mwamuzi alitokwa na machozi.

Kijana wangu yule sasa ni mtu mzima. Mara nyingi tukitoka msikitini baada ya Maghribi hunipa mkono, akaniuliza hali. Radhi sijamwomba hata leo. Firimbi niliiwahisha, radhi nikaichelewesha; zote mbili hazikuja kwa wakati wake.