Motokaa Kuukuu Inapotetemeka: Jinsi ya Kutambua Asili ya Ubovu

Watu wengi wenye motokaa kuukuu wamezoea mtetemo wake, nao husema, "Imezeeka, ndiyo tabia yake." Neno hili laweza kuwa kweli, maana injini ya silinda nne haikosi kutikisika kidogo. Lakini pia laweza kuleta msiba. Nati ya gurudumu iliyolegea, au kiungo cha propela kilicholika, huanza kwa mtetemo mdogo tu. Mwisho wake gurudumu huchomoka, au propela hukatika na kupiga chini ya gari, na huenda siku hiyo gari limepakia mgonjwa au watoto wa shule.

Tena iko hasara ya fedha. Mwenye gari akifuata neno la kila apitaye, leo atanunua tairi, kesho klachi, kesho kutwa mipira ya kushikilia injini, na mtetemo utakuwa pale pale. Basi yafaa kujua kwamba mtetemo hauji ovyo. Kila chombo kizungukacho kina mwendo wake, na mtetemo hufuata mwendo wa chombo kilichouzaa. Mtu ajuaye kuuliza, "Mtetemo huu wafuata nini?" atapata nusu ya jibu kabla ya kufungua hata nati moja.

Tutwae mfano wa gari linalojulikana sana katika Afrika Mashariki, yaani Land Rover ya zamani yenye chasisi ndefu, ya namna zilizotengenezwa mpaka mwaka 1985. Gurudumu lake likizunguka mara moja, gari husogea karibu meta 2.4. Likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 555 hivi kwa dakika. Propela, yaani mti wa chuma upelekao nguvu kutoka giaboksi mpaka kwenye difu, huzunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo mizunguko yake ni kama 2,600 kwa dakika. Injini nayo, katika gia ya nne, huzunguka karibu mara 3,000.

Tazama jinsi hesabu hizo zinavyotofautiana. Gurudumu lenye ubovu hupiga mara tisa hivi kila sekunde, na dereva aweza kuusikia mpigo mmoja mmoja katika usukani au kitini. Propela yenye ubovu hupiga mara 43 au zaidi kila sekunde. Hapo hakuna mpigo wa kuhesabika, bali mvumo kama wa nyuki, na sakafu huwasha nyayo za miguu. Mwili wa dereva ni chombo cha kwanza cha kupimia, nacho hakinunuliwi.

Jaribio la kwanza hufanywa gari likiwa limesimama. Weka gia huru, washa injini, uongeze mafuta polepole. Gari likitetemeka vile vile kama njiani, basi magurudumu na propela hazina hatia, kwa kuwa hazizunguki; ubovu u katika injini, au klachi, au mipira inayoshikilia injini. Sasa kanyaga klachi. Mtetemo ukibadilika, sahani ya klachi na mti wa kuingilia giaboksi vyashukiwa. Lakini usipobadilika, usiiache klachi huru mara moja, kwa sababu gurudumu zito la injini pamoja na kifuniko cha klachi huendelea kuzunguka na injini hata kanyagio likiwa chini.

Jaribio la pili hufanywa katika barabara tambarare, nyofu, isiyo na watu. Enda kilomita 50 kwa saa kwa gia ya nne, kisha enda mwendo ule ule kwa gia ya tatu. Injini itazunguka kwa kasi zaidi, lakini propela na magurudumu hayatabadili mwendo. Mtetemo ukibaki vile vile, ubovu u nyuma ya giaboksi, yaani katika propela, difu, ekseli au magurudumu. Ukibadilika pamoja na sauti ya injini, rudi mbele ukatafute huko.

Jaribio la tatu ni kubadili nguvu. Ukiwa katika mwendo ule unaotetemesha, kanyaga mafuta, kisha achia. Mtetemo ukizidi wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kuachia, au kinyume chake, shuku viungo vya propela, difu, au mipira ya injini, maana vyombo hivyo hubeba nguvu inayobadilika upande. Tairi na rimu zisizo sawa hazijali sana kama unavuta au umeachia. Hizo hufuata mwendo wa gari tu.

Baada ya kujua upande wa ubovu, ndipo mtu aingie kutazama. Lakini kwanza asikie onyo hili. Katika Land Rover hizo, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela ya nyuma, mahali inapotoka katika giaboksi ya pili. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kwenda ingawa breki imevutwa, kwa sababu difu huruhusu gurudumu moja kuzunguka na lingine kurudi kinyume. Na ukiifungua propela ya nyuma, breki hiyo haina cha kushika kabisa. Kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Mambo ya magurudumu ni mepesi, tena ndiyo ya kuanza nayo. Kaza nati zote. Ondoa tope lililokauka ndani ya rimu. Kipande kilichoganda upande mmoja chatosha kuharibu usawa wa gurudumu. Tazama kama tairi imefanya uvimbe au imelika sehemu moja. Inua gurudumu, ulizungushe huku umeshika kijiti karibu na rimu. Rimu iliyopinda itajitambulisha. Usukani ukitikisika kushoto na kulia, tazama pia beringi za magurudumu ya mbele na pini ambazo magurudumu hukatia kona juu yake.

Propela yataka uangalifu zaidi. Kila ncha yake ina kiungo cha msalaba, ambacho mafundi wengi hukiita krosi. Injini ikiwa imezimwa, gia zikiwa huru na mawe yakiwa mahali pake, shika pande mbili za kiungo uzipindue kinyume, moja huku na moja huku. Ukisikia mchezo wowote katika msalaba, kimelika. Vumbi jekundu la kutu katika vikombe vyake ni dalili kwamba grisi ilikauka zamani. Kaza pia bolti nne za kila ncha.

Liko jambo moja ambalo limewapotosha hata mafundi wazuri. Kiungo cha msalaba kinapozunguka kikiwa kimepinda, hakitoi mwendo ulio sawa. Huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kiungo cha ncha ya pili hurekebisha kosa la kile cha kwanza, mradi vimewekwa kwa mpangilio wake. Propela ikichomolewa katikati, penye meno ya kuteleza, na kurudishwa jino moja kando, makosa mawili hayo hayatapatana tena, na gari ambalo halikutetemeka litaanza kutetemeka siku litokapo kwa fundi. Dawa yake ni kipande cha chaki: weka alama pande zote mbili kabla ya kufungua. Kadhalika mtu aliyeongeza majani ya springi ili gari libebe mizigo mizito amebadili mpindo wa propela, na huenda mtetemo ulianza siku ile ile.

Kama mtetemo u katika injini, uliza kwanza kama silinda zote nne zafanya kazi. Zima injini, toa waya wa plagi moja, uufunge ugusane na chuma cha injini, kisha washa. Injini ikidhoofika, silinda ile ilikuwa nzima. Zima, rudisha waya, ujaribu nyingine. Silinda ambayo kutolewa kwake hakuleti tofauti ndiyo yenye ubovu, na hapo utatazama plagi, waya, valvu na mbano wake. Usishike waya wakati injini inazunguka, kwa kuwa umeme wake ni mkali. Tena jaribio hili ni la injini za zamani tu. Motokaa za siku hizi zenye vyombo vya elektroniki zaweza kuharibika. Kisha tazama mapanga ya feni, maana panga moja lililovunjika hutikisa injini nzima. Na mipira ya kushikilia injini, kama imepasuka au imelainishwa na oili.

Waalimu waweza kuyafanya haya kuwa somo la hesabu. Wanafunzi watie alama ya chaki juu ya tairi, wasukume gari mpaka alama irudi chini, wapime umbali, kisha wahesabu mizunguko kwa dakika. Wataona kwamba kuzidisha na kugawanya si mambo ya ubao tu.

Na wazee wanaosimamia gari la kijiji wamwagize dereva aandike katika daftari mambo matatu kila aonapo mtetemo: ulianza kwa mwendo gani, kwa gia gani, na kama alikuwa anavuta au ameachia. Fundi akipewa maandishi hayo hatabahatisha, wala fedha za watu hazitapotea. Lakini mtetemo ukizuka ghafula njiani, dereva asiseme, "Tutatazama tukifika." Na asimame pale pale, akague nati na propela. Dakika kumi za kuchelewa ni bei ndogo kuliko roho za watu.