Je, Wajua? Amri Iliyojificha Nyuma ya Jedwali

Je, wajua kwamba hifadhidata hujiwekea daftari la mambo yake yenyewe? Mfumo wa KenyaEMR, unaotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vya afya vya umma, vikiwemo vya Kaunti ya Kakamega, umejengwa juu ya OpenMRS, na data yake hukaa ndani ya hifadhidata ya MySQL. Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2005, MySQL inakubali triga: amri inayofyatuka yenyewe rekodi inapoingizwa, inaporekebishwa au inapofutwa. Ukifungua jedwali huioni. Unaona tu tarehe imebadilika, na kila karani anaapa hajaigusa!

Ili kuifichua triga hiyo, andika SHOW TRIGGERS, au soma jedwali la TRIGGERS katika information_schema, ambayo ndiyo daftari lenyewe la MySQL. Humo mna jina la triga, jedwali lake, tukio linaloiamsha na amri zenyewe. Hifadhidata nyingine, PostgreSQL, ina jedwali la pg_trigger, ambamo utakuta hata triga ambazo hukuziandika. Mfumo umeziunda kulinda uhusiano wa majedwali. Hizo ziache.

Wanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, jaribuni. Orodha ikirudi tupu, msishangilie mapema: huenda akaunti yenu haina ruhusa ya kuziona.